Utitiri wa Chatu na Mfuko wa Kupimia

CHAMA CHA WAFUGAJI WA NYOKA NA MIJUSI
Kikao cha kawaida, 14 Juni, sebuleni kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Fundi Cherehani, Mama Saluni
Mwalikwa: Daktari wa Mifugo
Hakuhudhuria: Mweka Hazina (shemeji wa Mwenyekiti), bila taarifa, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA NA KUPIMA UZITO
Mwenyekiti alichelewa kufungua kikao, ingawa kilifanyika kwake. Wanyama walipimwa mmoja mmoja ndani ya mfuko wa chama, akianza chatu wa Mwenyekiti kama ilivyo desturi. Mwenyekiti alijisifu kwamba chatu wake ni msafi kupita wote, na siku hizi anashinda ndani ya beseni la maji. Chatu wa Fundi hakupimwa, kwa amri ya Mwenyekiti.

KUMB. NA. 2/6: UTITIRI KWA FUNDI
Mwenyekiti alieleza kwamba chatu wa Fundi amepata utitiri kwa mara ya pili, na kwamba chanzo ni uchafu wa nyumbani. Alipendekeza Fundi anyang'anywe, chatu apewe mtu "anayejua maana ya sabuni". Fundi alijibu kwamba chatu huyo aliachiwa na marehemu kaka yake, na hamtoi. Sauti yake ilitetemeka. Katibu ameandika hivyo kwa kuwa wote tuliisikia. Mama Saluni alisema, "Mzee, punguza." Mwenyekiti hakupunguza.

KUMB. NA. 3/6: KUSAFISHA KIZIMBA
Daktari alieleza kwamba mnyama ahamishiwe kwenye sanduku la plastiki lililotandikwa karatasi nyeupe, atibiwe kwa dawa atakayoandikiwa. Matandiko yafungwe na kutupwa, magogo ya kizimbani yenye nyufa yachomwe. Kizimba kisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni hadi kwenye pembe na bawaba, kisha kipakwe klorini, sehemu moja kwa kumi za maji, madirisha yakiwa wazi. Baada ya dakika kumi kisuuzwe, kikauke mpaka harufu iishe, ndipo mnyama arudi. Kazi irudiwe, maana mayai ya utitiri huanguliwa baadaye.

Mama Saluni aliuliza kama anaweza kuongezea dawa ya choo kwenye klorini ili iwe kali. Daktari alishtuka, akasema asithubutu, mvuke wa mchanganyiko huo unaua mtu. Dawa ya kupulizia mende nayo ilikatazwa.

Fundi alisema yote hayo ameyafanya mpaka vidole vikachubuka. Daktari aliuliza ni kitu gani kingine kinachomgusa chatu. Mama Saluni aliunyooshea kidole mfuko wa chama.

KUMB. NA. 4/6: MFUKO
Daktari aliukung'uta mfuko juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vyeusi vilidondoka kutoka kwenye mishono, vikaanza kutembea. Mwenyekiti alieleza kwamba mfuko haujawahi kufuliwa kwa sababu ni mali ya chama.

Daktari aliongeza kwamba nyoka anayeshinda majini mara nyingi anakimbia utitiri. Beseni la Mwenyekiti lilikaguliwa. Vidoa vilikuwa vinaelea.

Ilikubaliwa mfuko uchomwe, kila mwanachama awe na wake, na vizimba vyote visafishwe, kwa kuwa tumeshawapima wanyama jioni hii hii. Chatu wa Fundi abaki kwa Fundi.

KUMB. NA. 5/6: MENGINEYO
Mwenyekiti aliomba maneno yake kuhusu sabuni yaondolewe. Katibu alieleza kwamba yameshaandikwa. Mama Saluni alicheka, na Katibu pia.

Fundi hakucheka. Alimuuliza Mwenyekiti, "Mzee, una brashi ya kusugulia?" Mwenyekiti alijibu kwa sauti ndogo kwamba hana.

Fundi akasema, "Basi nitachemsha yangu, kesho nije tusugue wote."

Kikao kilifungwa saa 12:40 jioni, kila mtu akijikuna.

Mwenyekiti: (amesaini, baada ya kusoma mara mbili)
Katibu: (amesaini)