Sauti ya Mwanangu Kwenye Filamu ya Krismasi

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, na shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi niwie radhi, gazeti halionyeshi umri wa mtu. Shule niliishia darasa la nne, kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi, na hapa nilipo kichwa changu kimekuwa kama nguo iliyotoka kwenye mashine, sijui mkono uko wapi wala kola iko wapi.

Binti yangu mkubwa anafanya kazi ya kuweka sauti, yaani filamu inakuja watu wanaongea lugha yao, halafu yeye na wenzake wanayasema yale maneno kwa Kiswahili, na amechumbiwa na fundi wa mafriji, kijana mpole, akija nyumbani hakai kabla hajaniuliza, "Mama, friji halijaanza tena kunguruma?" na arusi yao ni mwezi ujao.

Sasa Jumapili televisheni ikaonyesha filamu ya Krismasi ambayo binti yangu ameiwekea sauti, tukakaa wote sebuleni, mimi, yeye, mchumba wake, na wifi yangu, shangazi yake huyo mtoto, ambaye mdomo wake hauna breki. Filamu yenyewe ni ya msichana wa mjini anayerudi kwao kwenye theluji kuuza nyumba ya bibi yake, huko mjini ameacha mchumba ambaye kutwa yuko kwenye simu, halafu anakutana na seremala anayechonga vinyago vidogo vya kupamba mti wa Krismasi, na hata mimi nisiyesoma nilijua tangu mwanzo kwamba mwenye simu hana chake. Mwanzoni tulicheka sana, mimi naangalia makoti yao, theluji inawaangukia lakini halowi mtu na koti halina hata kunyanzi moja, mkwe wangu mtarajiwa akasema, "Hiyo theluji ijazwe gesi, Mama, bila gesi hapo ni maji matupu," wifi yangu akamwambia, "Wewe kila kitu gesi, hata mke utamjaza gesi," tukacheka tena.

Ikafika mwisho, msichana amesimama mlangoni kwa seremala, anamwambia, "Nimechoka kupendwa na mtu aliye mbali. Nakutaka wewe, hapa, hata kama hatuna kitu." Mshauri, maneno si hoja, maneno wameandikiwa, lakini ile sauti, ilishuka chini ikatetemeka kidogo ikanipiga hapa kifuani, na mimi niliyemzaa nasema ile haikuwa sauti ya kazi. Sebule ikawa kimya. Mkwe wangu akasema polepole, kama anajisemea, "Hiyo sauti mimi sijawahi kuisikia." Na mimi, sijui nilipandwa na nini, nikajibu, "Hata mimi."

Wifi yangu akadakia, "Basi mwenye nayo ni huyo seremala." Aliyeweka sauti ya seremala ni mwanamume anayesoma matangazo ya biashara redioni, sauti yake nzito kama inatoka mtungini. Binti yangu akasema, "Huyo mtu sijawahi hata kumuona," sasa nieleze, mtu utamwambia maneno kama yale halafu useme hujamuona, mlifumbiana macho?

Mkwe wangu akamaliza chai yake, akaaga kwa adabu, na tangu siku ile hajaja, akipigiwa simu anasema kazi zimemzidi, na binti yangu amenuna, anakula chumbani kwake, nikimwita anaitika "Abee" halafu haji. Wifi yangu anasema nimemwokoa mtoto, wenzangu dukani wanasema nimemharibia, mara nataka niende kwa yule kijana nimpigie magoti nimwambie sikumaanisha, mara nafikiri labda nilimaanisha, labda moyo wa mwanangu uko kwa yule wa matangazo, maana na mchumba wake huwa anaongea kawaida tu, umefika, umekula, kofia umeiacha huku. Nimfuate nani nimwambie nini? Arusi hii niendelee nayo au niiache? Sijui hata ninachokiomba, ila nisaidie.

Mama Mpiga Pasi

*

Mama, shikamoo ni yako, mimi ndiye mdogo, kwa hiyo nitakukaripia kwa heshima.

Kwanza nikutoe tongotongo. Binti yako hakukudanganya. Katika kazi ile mara nyingi kila mtu huingia peke yake kwenye chumba kidogo chenye kuta za sponji, anavaa hedifoni, anatazama midomo ya watu wa filamu kwenye skrini na kusema maneno yake. Mwenzake anakuja siku nyingine kabisa. Alipomwambia seremala "nakutaka wewe," mbele yake palikuwa na kipaza sauti na pengine chupa ya maji. Umemfanya mkweo aionee wivu chupa ya maji.

Pili, mtoto alikaa na watu wake ili waisikie kazi yake. Aliifanya vizuri hadi nyote mkanyamaza. Nani alimwambia hongera? Hakuna. Mmoja alishtuka, wewe ukamuunga mkono, shangazi akatoa hukumu. Hata mimi ningekula chumbani kwangu.

Hilo la kuongea kawaida lisikutishe. Anayekuuliza kila siku kama umefika na umekula hajakuuliza jambo dogo, na hakuna nyumba inayoendeshwa kwa sauti ya kutetemeka. Ila sitakupoza kwa uongo, Mama. Ile sauti aliitoa mahali, na mahali hapo mimi sipajui, wifi yako hapajui, wala wenzako wa dukani. Umetuuliza sote, mwenye sauti hujamuuliza.

Kwa kijana usiende. Magoti yako yatamwambia kwamba kuna jambo mnalificha. Leo ukitoka kazini ingia chumbani kwa binti yako, usimwite kutoka sebuleni. Mwambie ulikosea kusema vile mbele ya mchumba wake. Mwambie kazi yake ilikupiga kifuani. Kisha muulize, "Pale ulikuwa unamfikiria nani?" na ufunge mdomo, hata akichelewa kujibu.

Akisema ni mchumba wake, aende akamwambie mwenyewe, wewe usimsindikize. Akisema hakumfikiria mtu, ilikuwa kazi, mwamini, na mwachie amweleze fundi wake kwa namna yake. Akisema ni mtu mwingine, arusi isimame, na atakayekaa mbele ya ndugu wa pande zote mbili kuwaambia isimame ni wewe. Watakusema sana. Kaa hapohapo, ubavuni mwa binti yako, asibaki peke yake mbele yao.