Vikombe vya Baba

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za siku nyingi? Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku wazima, na leo nakuandikia roho yangu ikiwa imetulia.

Unajua tangu tumzike mama, baba alikuwa mtu wa kujifungia chumbani, chakula anakidokoadokoa tu. Basi yakazuka mengine. Nikawa namkuta jikoni akipekua ndoo ya taka: anatoa vitako vya vitunguu, shina la kabichi, vichwa vya karoti, anavifuta kwa shati lake na kuondoka navyo kama kaokota lulu. Nikimuuliza, ananiambia niendelee na kazi zangu. Siku moja nafagia, nikakuta chini ya kitanda chake vikombe vyangu vya wageni, kila kimoja na taka yake ndani ya maji. Nikamwambia mume wangu kwamba akili za baba zimeanza kumtoka. Naye, badala ya kutania kama kawaida yake, akaanza kutafuta namba ya daktari. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Tukampeleka kwa daktari. Alimuuliza maswali mengi, baba akayajibu yote, kisha naye akamuuliza daktari lile ua la mezani kwake lilikufa lini. Daktari alicheka, akasema mzee huyu ni mzima kabisa, labda tupimwe sisi.

Njiani kurudi ndipo baba alipofunguka. Alisema mama alipoondoka, hakubaki anayemhitaji. Hata chai analetewa. Ndipo akaona kitunguu nilichokitupa kimechipua chenyewe mle ndooni. Akaanza kuokota mabaki na kuyatia majini ili nayo yachipue, akayaficha akihofia nitayatupa tena.

“Mwanangu,” akaniambia, “nilitaka kiwepo kitu ambacho mimi nisipoamka, kitakosa maji.”

Nililia pale barabarani bila haya, mdogo wangu, lakini ni kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Sasa vikombe vimepanda dirishani, vinaota jua. Majani ya vitunguu tunayakata, yanarudi. Mume wangu anakunywa chai kwa bakuli na halalamiki. Jana nilimwagilia kikombe kimoja bila ruhusa, baba akanigombeza mpaka jirani akagonga ukuta. Tangu msiba sijasikia sauti tamu kama ile.

Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu, na shemeji mpe salamu zake zote.

Ni mimi dada yako akupendaye.