Ndege Iliyoshinda Bila Kuona Mtu

Mahoo, Taveta

Mpenzi Wakesho,

Hujambo, mjukuu wangu? Sisi tu wazima, na nyanya yako amevuna maharagwe mpaka majirani wamegawiwa. Kusikia umeanza masomo ya urubani wa jeshi, nimecheka peke yangu kwa furaha! Unauliza kama mwenye ndege lazima ashinde vita.

Nikiwa askari kijana wa wanyamapori huko Tsavo, majangili wenye bunduki walijificha ndani ya kichaka kikubwa cha miiba. Ndege yetu ilizunguka asubuhi nzima, kisha rubani akasema redioni, "Huku juu naona miiba tu."

Tulivunjika moyo. Lakini mkuu wetu, Sajini Mwadime, alikuwa akiitazama ardhi. Upande mmoja wa kichaka ulikuwa uwanda mtupu, na upande wa pili bwawa la maji.

"Wacha kuwatafuta," akamwambia rubani. "Zunguka juu ya uwanda, wasithubutu kutorokea huko. Sisi tutawangoja bwawani."

Jua lilipokuwa kali, wakaja wenyewe, midomo imewakauka. Walipotuona wakainua mikono, bila risasi hata moja kulia. Wakesho, nilirukaruka kama mtoto!

Rubani alipotua alikuwa mnyonge. "Mimi sikuona mtu hata mmoja," akasema.

Sajini akamkumbatia. "Lakini wao walikuona wewe, ndugu yangu. Ndiyo maana wamekuja kwetu."

Mungu akushike huko juu, mama.

Babu yako,
Mwakio