Usiwalishe Sato Matumbo

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko Morogoro? Kifua kimepoa? Sie hapa Bunju tu wazima, Mungu ni mwema. Babu yako kapata miwani mipya, sasa anaona vumbi kila mahali.

Umeuliza kama unaweza kuwalisha sato wako matumbo ya wenzao. Usithubutu! Mie nilifanya hivyo bwawa letu lilipokuwa jipya. Kila nikitengeneza samaki narudisha matumbo majini, maana kutupa riziki niliona dhambi. Samaki wakala, wakakonda, wakabaki vichwa. Nikajua ni kijicho cha jirani yangu, Mama Pili. Nikafunga siku tatu, nikamsemea kwa Mungu kwa sauti, palepale ukutani kwake.

Bwana samaki, yule mtaalamu wa ufugaji, alipokuja akapasua mmoja. Minyoo tele!

"Mama, unawalisha nini?"

"Matumbo mabichi, mwanangu."

"Basi unawagawia minyoo. Inakaa humo utumboni, mayai yanatoka na kinyesi, wenzao wanayala. Matumbo uwe unazika."

Mama Pili akachungulia juu ya ukuta. "Shoga, mchawi kapatikana?"

Nikaenda kumwomba radhi.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila mtaa mzima ulisikia ukinisema. Sasa niombee mema, siku tatu, kwa sauti ileile."

Nikaomba, Neema. Siku ya tatu sauti ikanikauka, naye kule ng'ambo ya ukuta ananihimiza, "Sijasikia, shoga, rudia!"

Nijibu upesi, uniambie kama ulishawapa.

Bibi yako