Mashine Isiyoujua Mto

Kileleshwa, Nairobi
Jumatano asubuhi

Kwako mke wangu mpendwa, Mama Nekesa,

Nakusalimu kwa heshima zote unazostahili, nikitumaini kwamba wewe, watoto na mama yangu mu wazima. Natumaini tu, kwa maana simu yako na ya kaka yako hazipatikani tangu Jumapili, ndiyo sababu barua hii nimemkabidhi dereva wa basi la kwetu. Mimi mwilini sijambo. Moyoni nina hofu.

Utakumbuka kwamba kina mama wa kanisa walinipa jukumu la kuwachagulia mashine ya nyumbani ya kupimia hali ya hewa, nami nikakuandikia: msihamie kwa kaka yako mlimani, subirini mashine, itawaonya kabla ya mafuriko. Naomba nikueleze nilivyoichunguza.

Juu ya paa la jengo ninalolitunza niliweka mbili bega kwa bega: ile rahisi niliyoipata soko la Ngara, na ile ya ghali ya mpangaji wa ghorofa ya juu, aliyeniruhusu kwa hisani yake. Katikati nikasimamisha kopo la maziwa na rula ya shule, liwe hakimu. Ya Ngara ilikaribiana na kopo, ila upepo ukiitikisa huhesabu mvua hata jua likiwaka. Ya ghali ilikuwa sahihi kwa joto na upepo, nami nikaiamini kupita kiasi.

Jumatatu alasiri mvua ilipiga. Skrini ya ile ya ghali ikasema sufuri. Mama Otieno, afuaye nguo za wapangaji katika chumba cha chini ya ardhi, aliniuliza kama atoke. Nikamjibu kwa ufasaha kwamba kipimo hakioneshi hatari. Haukupita muda, Barasa, mlinzi wa lango, akaniita.

"Daktari wa mawingu, hiyo mashine yako imelala ama? Mama yuko kwa maji mpaka kifua."

Tulimvuta kwa kamba ya kuanikia nguo. Alipopata pumzi alisema, "Si uliniambia nikae, Baba Nekesa. Nikakaa." Nilipopanda paani nilikuta manyoya ya mwewe yameziba mdomo wa mashine. Kopo lilikuwa limejaa.

Jana nilimweleza dereva kwamba sasa nitatuma ile ya Ngara, kwa kuwa bei ni nafuu na nguzo yake mtaifunga imara. Akacheka.

"Mzee, ya nini? Kwenu mto hufurika jua likiwaka. Mvua iko juu Mlima Elgon, na nimeiacha huko ikinyesha siku ya tatu."

Mama Nekesa, mimi niliyezaliwa kando ya mto huo nilisahau. Hakuna mashine, ya bei yoyote ile, ambayo ikiwekwa juu ya bati letu itaiona mvua inayonyesha mbali huko Elgon. Nami ndiye niliyewazuia.

Kwa hiyo nakuomba, na kama mumeo nakuagiza: ukiipokea barua hii, wachukue watoto na mama mpande kwa kaka yako siku hiyo hiyo. Mbuzi wafungulieni kamba, msiwangoje. Kina mama wa kanisa waambie waziwazi kwamba nilikosea, nao wapande.

Nisalimie mama mzazi, shemeji mwenye boma la juu, na mwalimu wa kwaya aliyenisifu mbele ya watu. Jibu lako nalisubiri, ila lisiandikwe hapo nyumbani.

Mimi mumeo,
Baba Nekesa