Mwanao na Mnara

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha magodoro
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Salamu kwako na kwa wifi. Nyonga yako inaendeleaje? Bado unatembelea ile fimbo? Sisi ni wazima. Mafua yalizunguka nyumba nzima, paka tu ndiye aliyeponea.

Paa la jikoni limezibwa. Fundi alikuja mara mbili, ya kwanza kulitazama tu.

Sasa la mwanao. Mafunzo yake ya mitandao na mawasiliano yamefika njia panda: wengine wanabaki darasani na ruta na nyaya za kompyuta, wengine wanakwenda kufunga mitambo juu ya minara. Binti yako kachagua minara. Ulinituma nimzuie, kwa kuwa wewe mwenyewe ulianguka kutoka paani ukifunga dishi. Mkufunzi naye alitaka kauli ya mlezi. Basi Alhamisi nilikwenda chuoni, "hapana" yako iko mdomoni.

Nyuma ya karakana kuna mnara wa mazoezi, mrefu kama nyumba ya ghorofa nne. Zamu yake ilipofika alivaa kofia na mkanda wa usalama, akapanda ngazi chache, akasimama. Akaivutavuta kulabu ya mkanda, kisha akaanza kushuka. Wenzake wakaangua kicheko.

"Mama Mnara, umesahau mkoba?"

"Mwacheni, anashuka kutusalimia!"

Alikwenda moja kwa moja kwa mkufunzi. "Mwalimu, kulabu hii ukiitazama imefungika. Hebu ivute."

Mkufunzi akaivuta, ikaachia. Mikanda yote ikarudishwa stoo, mazoezi yakaahirishwa. Aliyecheka kuliko wote ndiye aliyekuwa ametoka kupanda na mkanda huohuo hadi kileleni. Alikaa juu ya gurudumu la mbao la kuzungushia waya.

Jioni nilimfikishia mwanao maneno yako. "Shangazi," akasema, "baba alipanda peke yake, bila mkanda, tena kwa haraka. Mimi sipandi hivyo. Mwambie sijamdharau." Akaendelea kuosha vyombo.

Kaka, niliogopa, na bado naogopa. Lakini alishuka huku anachekwa. Katika umri wake, wewe na mimi tungeendelea kupanda.

Ijumaa nilimpa mkufunzi kauli: ndiyo. Ukikasirika, nikasirikie mimi, yeye mwache.

Mikanda mipya inafika kesho, naye ni wa kwanza kwenye zamu. Barua hii itakapokufikia atakuwa ameshapanda na kushuka. Ndiyo maana nimeandika, sikupiga simu.

Nisalimie wifi na kitinda mimba wenu. Mungu aitulize nyonga yako na awape usingizi nyote wawili.

Akupendaye, hata ukinuna,
Mdogo wako