Urubura wa Kanada

Nkungu, Jumapili

Kaka Ganza,

Tunakusalimia sote, pamoja na kuku, wale waliobaki. Mvua ya mawe imetufungia ndani tangu jana, mimi, Maman na Papa, na majani ya migomba yamechanika kama nyuzi.

Asubuhi nilimsomea Papa ujumbe wako, kwamba umeahirisha safari kwa sababu ya theluji huko Kanada. Kinyarwanda chetu kina neno moja tu kwa theluji na mvua ya mawe, nikasema urubura. Papa, ambaye siku hizi hata uji anaukataa, akainuka kitandani.

"Maskini! Mabati yake ingali?"

"Ingali, Papa."

"Basi urubura haikawiake. Ikiyeyuka atakuja. Maman Ganza, unipigie shati pasi."

Maman alilipiga akiwa ameugeukia ukuta. Mimi sikumfafanulia Papa neno. Daktari alipomrudisha nyumbani hakutupa dawa, alitupa pole. Nami nimeona kwenye simu kwamba ndege za huko zinaruka hata kwenye theluji.

Sasa yetu imeyeyuka, na Papa amekaa mlangoni na shati lake. Kama huji, kaka, mpigie leo umwambie huko bado inaanguka.

Mdogo wako wa Nkungu,
Joselyne